Siku Kuku wa Mama Namkunda Waliponiumbua

Jamani, hii habari naisimulia mwenyewe, maana mkiisikia kwa wengine itatiwa chumvi, na hata bila chumvi inatosha kunifanya nijifunike khanga usoni, mimi mtu mzima, shemasi wa kanisa, kuumbuliwa na kuku.

Ilikuwa enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka ya Same yamejaa vitu na sisi tunaviangalia tu, nami nasoma kisomo cha jioni hapa kijijini Kisiwani. Siku hiyo mwalimu akachora ubaoni visiwa viwili vidogo vya huko baharini (sisi wa Kisiwani bahari hatujaiona hata kwa mbali), akatuonyesha kuku wa kisiwa kimoja wanavyoongezeka mwaka hadi mwaka, mstari unapanda, na wa kingine wanapungua, mstari unashuka. Tulipoelewa akasema haya, na sisi tulinganishe nyumba mbili, tuhesabu kila mwezi, na mwishoni nyumba yenye mstari unaopanda ndiyo itapewa jogoo wa mbegu aliyeletwa na bwana mifugo. Zikachaguliwa nyumba yangu na ya jirani yangu, Mama Namkunda.

Sasa huyo Mama Namkunda! Kisomo tumeanza siku moja, kanipita. Mitumba tumechagua fungu moja, gauni lake likamkaa kama kapimiwa, langu kama nimevaa gunia. Vifaranga vyake vinakua vyote, vyangu leo mwewe, kesho ugonjwa wa kideri, hadi nimebaki na kuku saba. Nilikuwa nasali, halafu nikisema amina tu nachungulia uwani kwake. Yule jogoo nilimtaka hadi nikamwota anawika kwangu.

Siku ya hesabu ya mwisho, darasa likiwa bado limekaa, nikamwambia mwalimu natangulia nyumbani kuweka maji ya chai. Chai gani! Nilichota mahindi ya ugali wa watoto (Mungu anisamehe), nikayamwaga kuanzia kwenye ua wa minyaa wa Mama Namkunda hadi mlangoni kwangu. Wakaja kuku wake wote, wanene, wanang'aa, na mimi moyo unachekelea.

Darasa likafika. Wangehesabu upesi ningepona, lakini kwanza tukaimba, tukaomba, kisha Babu Mzava, mwanafunzi mzee kuliko wote, akasema atahesabu yeye, na akifika kumi na mbili anasahau anaanza upya. Nami kwa tamaa nilisahau kwamba jua la kwetu linazama mapema nyuma ya mlima, na kuku akiona kivuli haulizi mtu, anakwenda kulala kwao.

Akaondoka tetea mmoja. Wa pili. Mara wote wamejipanga mstari kuelekea kwenye minyaa, kama watu wanaotoka ibadani.

"Mwalimu," Babu Mzava akasema, "kisiwa kinahama!"

Nikavua khanga niwazuie, nikawa nakimbia huku na huku, "shii! shii!", tetea akaruka akatua kichwani kwa mwalimu, mimi nikateleza, nikakaa kitako kwenye karai la pumba. Darasa zima likacheka hadi wengine wakashika mbavu.

Mama Namkunda akanitazama kwa upole. "Mama Elibariki, na jogoo wangu asiye na mkia naye alikuja kukuamkia?"

"Alinipa shikamoo," nikajibu, sijui hata nilikuwa nasema nini.

"Ukaitikia?"

"Marahaba," nikasema, machozi yananitoka.

Mwalimu akapangusa nywele, akachora mstari wangu unaoshuka, na jogoo wa mbegu akaenda ng'ambo ya pili ya minyaa.

Wiki iliyofuata nikasikia hodi. Mama Namkunda huyo, jogoo kambana kwapani. "Akae kwako siku tatu, apande matetea wako, halafu nirudishie." Ningependa kuwaambia nilifurahi. Nilipokea, nikashukuru, nikafunga mlango, nikalia kwa wivu, maana sasa nilikuwa namwonea wivu hata ule moyo wake, na moyo hauvutwi kwa mahindi.

Tangu hapo kuku wa jirani wakivuka kwangu nawafukuza mwenyewe jua likiwa juu kabisa. Na katika maombi yangu sitaji tena kuku wa mtu. Nautaja wivu wangu, kwa jina lake, kila siku, na bado haujaisha.