Watoto Waliopewa Majina na Ugonjwa wa Baba Yao

Jua la saa nane linachoma mabati ya mtaa wa Obunga, na Elsie anageuza mgongo wazi kwenye karai la mafuta. Mgongo wazi Kisumu nzima inaujua: ni samaki mbuta aliyetolewa minofu yote kiwandani ili ipelekwe ng'ambo, sisi tukaachiwa kichwa, mfupa na mkia. Elsie ana mimba ya miezi minane. Moshi unamkaba, anakohoa, anaendelea.

Hatua chache nyuma yake, mumewe Zadock amekaa kwenye kibao akiutazama ukuta. Midomo yake inacheza. Ghafla anacheka peke yake, kisha ananyamaza na kusikiliza.

"Wamerudi," Elsie anasema bila kugeuka. "Alikuwa amepona, huyu. Alikuwa ananisaidia kuosha samaki."

Zadock alikuwa mtu wa mashine katika kiwanda cha nguo, mpole, msafi kupindukia. Mwaka 1987 alianza kusikia mwanamke akimwita akiwa kazini. Alipowaeleza watu wake huko Pap Onditi kwamba mwanamke huyo ni nyanya yake Amolo, aliyekufa zamani, hakuna aliyeshtuka. Nyumbani kwao marehemu huja kudai jina. Humjia mtu ndotoni, mtoto akizaliwa anapewa jina hilo, na marehemu anatulia.

Elsie alikuwa mjamzito. Binti akazaliwa, akaitwa Amolo. Mama mkwe wake, Mama Adero, akachinja kuku, watu wakala wakashiba.

Sauti hazikutulia. Akaja mzee Ogola, ndugu wa babu, naye akiwa marehemu. Mtoto wa pili akaitwa Ogola. Kuku mwingine.

"Kila mtu alifurahi," Elsie anasema. "Na bwana yangu alikuwa anaisha mbele ya macho yetu. Haogi. Hanisemeshi. Ukimpa mtoto ambebe, anamshika tu kama mzigo wa mtu mwingine."

Kazi ikamponyoka pale alipogoma kuingia kiwandani, akidai mashine zinayatangaza mawazo yake kwa wafanyakazi wote. Hapo ndipo Elsie alipomshika mkono na kumpeleka kliniki ya akili mjini, bila ruhusa ya mtu. Tayari miaka mitano ilikuwa imekwenda bure.

Magdalene Gakenia, muuguzi wa kliniki hiyo, anasema hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha skizofrenia, ugonjwa wa akili aliokutwa nao Zadock. Damu hupimwa ili kuondoa mengine, kama malaria iliyopanda kichwani au kaswende. Wanauliza pia habari za bangi na pombe, na kifafa. Yakishaondolewa hayo, kazi inayobaki ni kuuliza na kusikiliza.

"Kumwota nyanya yako si ugonjwa. Hata mimi nyanya yangu hunijia," anasema. "Lakini Zadock alikuwa macho, mchana. Aliwasikia wawili wakibishana juu yake: sasa anakula, sasa anafunga mlango, huyu ni mjinga. Tena aliamini mawazo yake yanatangazwa. Mambo kama hayo yakidumu mwezi au zaidi, hatungoji tena."

Wengine, anaeleza, maneno yao hukosa mshikamano, unasikiliza sentensi tano na hujui mtu ametoka wapi. Halafu kuna dalili ambazo watu hawazihesabu kabisa, kwa kuwa hazipigi kelele: kupoa, kujitenga, kukosa hamu, uso usioonyesha furaha wala huzuni. Kuna aina ya ugonjwa huu ambayo mgonjwa huvurugika tabia na usemi, na ile ambayo mgonjwa huganda mahali pamoja kama amepigiliwa misumari. Ya Zadock iliandikwa kuwa ya shuku: sauti, na imani kwamba watu wanamwandama.

Akaanzishiwa sindano ya kila mwezi. Baada ya muda nyumba ikatulia. Kwa miaka miwili Zadock aliwaogesha watoto mwenyewe.

Kisha Elsie akashika mimba ya tatu, na Mama Adero akaja kutoka Pap Onditi.

"Aliniuliza, huyu anaitwa nani? Nikamwambia Zadock hasikii mtu siku hizi. Akakasirika. Akasema mimi na hao wa hospitali tumewafunga wazee midomo."

Mwezi wa pili mwaka huu wa 1995 watu wa kwao walimchukua Zadock kwenda matangani Pap Onditi. Matanga yakaisha, hawakumrudisha. Siku ya sindano ikapita, na ya pili ikapita. Walikuwa wanangoja jina, jamani. Mtu mzima anaachwa augue makusudi ili mtoto apate jina!

Sauti zikarudi kweli. Mama Adero akakaa karibu na mwanawe, akauliza mzee anataka jina gani. Zadock akajibu kwamba mzee Ogola hataki kupewa jina. Anasema mimba hiyo si ya Zadock.

Na wakaamini. Wangekosaje kuamini? Sauti hiyo hiyo ilikuwa imewapa Amolo na Ogola. Zadock alirudishwa Obunga na ujumbe: Elsie asikanyage Pap Onditi, na mtoto atakayezaliwa hana boma.

"Hata mimi nilizikubali hizo sauti mara mbili," Elsie anasema, na sasa analia waziwazi, kijiko mkononi. "Zilinipa majina ya watoto wangu. Leo zinasema mimi ni malaya. Nitamwambia nani ni ugonjwa?"

Juzi alimrudisha Zadock kliniki, akachomwa sindano. Magdalene amemwonya kwamba dawa haiharakishwi. Huenda sauti zikachukua wiki nyingi kupungua. Mimba imebakiza mwezi mmoja.

Elsie hana mpango wa kumwomba mtu wa Pap Onditi msamaha. Atajifungulia hapa mjini, na mtoto hatapewa jina siku hiyo wala wiki hiyo.

"Atakaa hivyo hivyo bila jina," anasema. "Mpaka baba yake apone amwite mwenyewe. Akichukua mwaka, tutangoja mwaka."

Anamwita mumewe aje kula. Zadock anainua mkono kumnyamazisha, kwani kuna mtu anaongea.