Mji Usio na Milango

Pale mtaani kwetu Shika Adabu, mlango ukifungwa mchana una maana mbili tu: ndani mna mgonjwa, au mna jambo. Mimi nilikuwa nikifunga wangu ili niandike hadithi, na maana hiyo ya tatu haikumwingia mtu akilini.

Jirani yangu wa mbele, mama mtu mzima anayeuza mahamri, ndiye aliyenikera zaidi. Nikikaa tu, hodi. "Mwanangu, u mzima?" Mzima, mama. Sentensi imeshakatika. Nikirudi mezani, jirani wa pili naye anakuja na hodi yake. Nilikasirika, wallahi. Sikutaka ila asubuhi moja ya faragha nimalize kazi yangu.

Basi hasira zote nikazitia katika hadithi. Nilibuni mji ambao seremala wa serikali hung'oa mlango wa kila anayeufunga mchana. Mwishowe mji mzima hauna milango, watu wote wanapika chakula kimoja na kucheka kwa sauti moja, kila mtu akichelea macho ya mwenziwe. Niliiona sitiari kali sana. Siku yule mama wa mahamri aliponiuliza naandika nini hasa, nilimsomea yote kibarazani kwake, makusudi, nimpige fumbo.

Fumbo mfumbie mjinga, na yule hakuwa mjinga. Aliendelea kupeta mchele hadi nilipomaliza, kisha akaweka ungo chini.

"Umesema kweli, twachungulia mno," akasema. "Kuanzia kesho sitabisha, inshallah."

Nilijiona nimeshinda, nikatabasamu. Yeye alikuwa bado ananitazama.

"Lakini mji huo wako, mimi ningehamia," akasema. "Mume wangu wa kwanza, kabla ya kunipiga, alikuwa akifunga mlango. Majirani walikuwa watu wa heshima sana. Walisikia, wakasema ya nyumba ya watu hayaingiliwi. Nalikuwa nikilala pale sakafuni nikimuomba Mungu mtu mmoja tu aseme hodi."

Alilisema hilo kwa sauti ile ile anayotajia bei ya mahamri. Karatasi zangu zilikuwa mapajani, nami niliona aibu, na uchungu pia. Mji wangu wote nilikuwa nimeujaza macho, nisiweke ndani yake hata mtu mmoja aliyeyahitaji.

"Mama," nikamwambia, "kesho ubishe. Tafadhali."