Karatasi Kwenye Kioo cha Pikapu

Watu huniuliza kwa nini pikapu yangu imechakaa mapema, wakati za aina hiyohiyo bado zinashuka Karema na kurudi bila shida. Barabara mimi siilaumu. Baba mkwe aliipakia ng'ombe wa mnadani mpaka springi zikakatika. Shemeji aliiazima kubebea mahindi Misunkumilo, akairudisha tangi likiwa kavu na kioo cha pembeni kikiwa juu ya kiti. Ukitokea msiba wowote hapa Kawajense, jeneza linapanda kwangu. Kwa fundi naenda peke yangu.

Mwezi uliopita nilichoka, nikabandika karatasi ya "inauzwa". Jioni hiyohiyo sebule ikajaa ndugu. Baba mkwe akaniuliza kwa upole, "Mkwe, gari letu unaliuzaje bila kutuita?"