Ng'ombe Waliomngoja Kaka

Nilipoolewa kijijini Nyakunguru sikuuliza kama bwana harusi ananipenda. Niliuliza kama ng'ombe wake wana nyama au ni mifupa mitupu. Msinicheke. Kwetu Wakurya ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka, na mimi nilikuwa na kaka mmoja tu wa tumbo moja, baba yetu akiwa amekwisha kufariki. Mahari yangu ikaswagwa mpaka kwetu, upande wa Sirari, ikaingia zizini kumngoja yeye. Alikuwa jeshini. Alipokuja likizo aliwazunguka wale ng'ombe akiwapigapiga mgongoni, akasema, "Dada, huyu mwenye pembe iliyopinda anafanana na wewe." Nikamrushia gunzi.

Halafu vita ya Uganda ikaja, akaenda.

Vita ilipokwisha alikuja mwenzake, kijana mwenye sare iliyopauka. Akamwamkia mama shikamoo, akabaki amesimama mpaka alipoambiwa kaa. Akasema kaka aliuawa barabarani, huko ng'ambo ya ziwa, nao wakamzika palepale kando ya migomba kwa sababu magari yalikuwa yanasonga mbele. Mama akauliza kichwa chake walikielekeza wapi. Kijana hakujua. Nilimchukia kwa kutojua, maskini ya Mungu, na alikuwa ametoka mbali kutuletea habari.

Kwetu mtu huzikwa nyumbani, karibu na zizi. Sasa hapakuwa na shimo la kuchimba. Watu walikuja, wakalia, wakanyoa nywele, wakaondoka. Mimi nilishindwa kutulia. Nikiwa Nyakunguru nawaza mama yuko peke yake; nikifika kwa mama nawaza ugali wa mume wangu. Njia ile niliikanyaga mpaka mbwa wa watu wakaacha kunibwekea.

"Wewe mwanamke, chagua pa kulala," mume wangu akasema.

"Nitachagua nikichoka," nikamjibu. Sikuchoka.

Kilichoninyima usingizi ni wale ng'ombe. Mama alitaka kuwatoa mahari, amwolee kaka mke hivyohivyo, marehemu. Jambo hilo kwetu lipo tangu zamani: nyumba iliyokosa mwanamume huoa msichana, na watoto atakaowazaa na mwanamume mwingine huitwa wa yule aliyekufa. Bila hivyo kaka angefutika kabisa, kaburi hana, nyumba hana. Lakini baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma, alikuwa na mtoto wake wa kiume anayetaka kuoa. Akaita kikao cha wazee.

"Kaburi lenyewe hatulijui," akasema. "Tutamwoleaje mtu ambaye hatujui amelala wapi? Ng'ombe wachukuliwe na aliye hai."

Wazee wakaguna kukubali. Mama akatazama chini. Mimi nilikuwa nje na wanawake, mtoto wangu mgongoni. Nikaingia bila kuitwa.

"Baba mdogo, shikamoo. Hao ng'ombe ni mimi."

"Toka hapa! Wewe umeolewa, ni mtu wa watu."

"Basi kuolewa nimeacha leo. Sirudi Nyakunguru. Mume wangu akija kudai mali yake, mtamrudishia nini?"

 Kila mmoja alijua kwamba mke akirudi kwao moja kwa moja, ng'ombe nao hurudi walikotoka. Kijana wa baba mdogo angewatoa mahari, kisha angedaiwa yeye awarudishe. Nikaketi palepale katikati yao. Mume wangu nilimpenda, lakini wangesema haya, vunja ndoa, ningeivunja kweli.

Hawakusema hivyo, wala hawakukubali. Nikakaa kwa mama mpaka mahindi yakakomaa. Mume wangu akaja, akafoka, akaondoka, akaja tena. Mwishowe baba mdogo ndiye aliyechoka, akasema huyu mtoto ana kichwa kibaya, aachiwe hao ng'ombe wake.

Nikarudi kwa mume wangu, mama akaoa. Msichana mwenyewe alikuwa mpole, mrefu, na hakuwahi kumwona kaka yangu hata siku moja. Akajengewa nyumba.

Muda si mrefu, siku niliyokuja kwa mama, chuma kikagongwa, watu waende shamba la kijiji. Siku hizo za ujamaa kila nyumba ilitoa mtu, na balozi wa nyumba kumi aliwaita wenye nyumba kwa majina, kila mmoja na mstari wake wa kulima. Kaka hakuwahi kuitwa pale, kwa sababu aliondoka kijana asiye na nyumba. Balozi alipofika kwenye nyumba ile mpya akasita, akamtazama mama. Kisha akaita jina la kaka, akaliunganisha na la baba.

Nilishika mkono wa mama kwa nguvu mpaka akaniambia namuumiza.

Yule msichana akainua jembe. "Yupo," akasema, akaenda kusimama kwenye mstari wa kaka yangu.