Mafua ya Tundu Moja

Siku ile naikumbuka kwa harufu, mwanangu. Ulikuwa mwaka wa korona, shule zimefungwa, na watoto wa mtaa wa Pipeline wamefungiwa kwenye vyumba vya ghorofani kama kuku wa mayai. Nilitoka kwangu Mbotela kwa miguu, barakoa usoni, kumpelekea binti yangu Nafula unga na sukuma wiki, kwa kuwa kiwanda alikofanya kibarua kilikuwa kimewarudisha watu nyumbani.

Nafula alifungua mlango kidogo tu, akauzuia kwa mguu.

“Mama, usiingie. Wekesa ana mafua.”

“Tangu lini?”

“Wiki inaisha. Ongea polepole, majirani wasisikie.”

Nikausukuma mlango. Nilidhani panya amefia chini ya kitanda, kumbe harufu ile ilikuwa ya mjukuu wangu. Alikuwa na miaka mitatu, ameketi juu ya godoro akihema kwa mdomo. Mamake alikuwa amemfukiza kwa majani ya mkaratusi na malimau, kama tulivyofanya wote siku zile. Nilipompangusa pua, kitambaa kilitoka na damu na uchafu mweusi. Uchafu wote ulitoka tundu la kushoto. La kulia lilikuwa kavu kabisa.

“Nafula, mafua gani haya ya tundu moja?”

Akaanza kulia. “Nikimpeleka watasema ni korona, Mama. Watatubeba wote karantini, na tukirudi keateka wa jengo atakuwa ametutolea vitu nje.”

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa leso, nikamwambia mamake afunge nyumba.

Hospitalini, mlango wa kliniki ya masikio, pua na koo ulikuwa na kufuli. Madaktari wake walikuwa wamehamishiwa kwenye hema la korona. Tukaelekezwa hukohuko, tukangoja juani, watu wakitusogea mbali kila Wekesa alipopiga chafya. Sikuwalaumu. Hata mimi ningesogea.

Mwishowe alikuja daktari kijana, amejifunika plastiki kutoka kichwani hadi miguuni. Akammulika mtoto puani, akachukua kikoleo. Akaniambia nimshike kichwa sawasawa. Wekesa alipiga ukelele ambao Mungu asinisikizishe tena, na kitu kikaanguka kwenye bakuli la chuma.

Kilikuwa kibetri cha duara, kidogo kama kifungo cha shati, kimeliwa na kuwa cheusi.

“Cha gari lake la kuchezea,” Nafula akasema.

Daktari alitueleza kwamba betri hizo huunguza nyama tangu saa za kwanza. Ukuta unaotenganisha matundu ya pua ya mtoto ulikuwa umetoboka.

Wiki nzima tulikuwa tukiliogopa gonjwa la nje, huku mtoto akiungua mbele ya macho ya mamake. Niliinua mkono nimpige Nafula, mwanamke mzima, mbele za watu.

“Teremsha mkono, Mama,” daktari akaniambia. “Woga huu hakujipa mwenyewe. Redio ilimtisha, majirani wakamtisha, na sisi tukamfungia mlango wa kliniki. Mshike mkono binti yako, ana mtoto wa kuuguza.”

Umri wake ulimtosha kuwa mjukuu wangu, lakini siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mzee. Nilimshika binti yangu mkono.

Wekesa yuko shule sasa, mkorofi kama babake. Akilala, pua yake hupiga mluzi, na kiangazi cha Januari humtoa damu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa pua haujengwi kwa simiti. Madaktari wanasubiri akue ndipo wajaribu kuushona.

Sasa sikia nasaha yangu. Magonjwa makubwa yatakuja tena, kwa maana hayajawahi kuisha. Yakija, usisahau kwamba watoto wataendelea kuumwa masikio, kuzibwa pua na kukabwa koo kama kawaida. Mafua ya tundu moja yenye harufu si mafua. Sikio litoalo usaha halingoji tangazo la serikali. Mpeleke mtoto, na mlango mmoja ukifungwa, bisha wa pili. Na ukimkuta mama aliyechelewa kwa woga, mbebee mtoto kwanza. Maneno yatakuja baadaye, au yasije kabisa.

Nenda, mwanangu. Mola awape wanao pumzi nyepesi na masikio ya kukusikia ukiwaita, na siku utakapoogopa akupe mtu wa kuusukuma mlango wako.