Mngurumo wa Bana Moteur Ulitoka Kwenye Muhogo

Wiki iliyopita nilipeleka simu yangu kwa kijana anayetengeneza simu karibu na soko la Bunia. Alikuwa amefungulia wimbo wa zamani kwenye bafle, spika ndogo, na kabla mwimbaji hajafungua kinywa nilijua ni kikundi cha Bana Moteur. Gitaa lilianza safi, likazama kidogo, kisha likapanda likinguruma kama lori lililobeba mbao kwenye mlima. Kijana huyo ana kikundi chake kinachopiga roki nzito, kama vijana wengi wa hapa siku hizi. Aliniambia wametafuta sana kifaa kilichotoa mngurumo ule, wamenunua vidude kutoka Kampala, na bado wameshindwa. Aliposikia kwamba mpiga gitaa alikuwa mjomba wangu, aliiacha simu yangu wazi mezani.

"Mama, walikuwa wanatumia appareil gani?"

Nikamjibu: muhogo. Alicheka, akidhani namtania. Wewe usicheke, rafiki yangu. Keti nikueleze kuanzia mwanzo.

Nilikulia kwa Koko, mama wa mama yangu, katika mtaa ambao kila uwanja wa nyumba ulikuwa na bashi, turubai la kuanikia muhogo. Asubuhi ulikutana kwanza na harufu kali ya muhogo uliotolewa majini, kisha moshi wa kuni, kisha samaki wakavu wa Tchomia waliokuwa wakichemka na mawese. Kazi yangu ilikuwa kugeuza vipande vya muhogo juani na kufukuza kuku. Koko alikuwa kiongozi wa wamama wa kanisa. Hakupaza sauti hata siku moja, na hakuna aliyemwomba arudie alichosema.

Katikati ya mtaa palikuwa na mashini ya kusaga, chini ya paa la mabati. Injini yake ilikunywa mazutu, yaani dizeli, na kutikisa ardhi mpaka vikombe vikalia kabatini. Mkanda mmoja wa injini ulizungusha mashini. Mkanda wa pili ulizungusha dinamo kubwa iliyowasha taa moja. Mjomba, mtoto wa mwisho wa Koko, alimwomba mwenye mashini ruhusa ya kuunganisha ampli ya gitaa lake kwenye dinamo hiyo. Mwenye mashini alikubali kwa sharti moja: mazutu hayachomwi bure. Injini itawaka tu wakati kuna muhogo wa kusaga.

Hivyo ndivyo roki ilivyoingia mtaani kwetu. Jumamosi mchana wamama walifika na mabeseni yao, wakapanga mstari, na wakati bunga, huo unga wa muhogo, inashuka kwenye magunia, Bana Moteur, yaani watoto wa injini, walipiga. Walikuwa watatu. Mwimbaji alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sauti iliyokuwa ikitisha darasa zima ilipata hatimaye kazi inayoifaa. Mpiga bateri alikuwa muuza nyama, na alipiga ngoma kama anavyopasua mifupa ya ng'ombe, kwa usahihi na bila huruma. Na mjomba, mwembamba, mpole, mtu wa kuomba samahani kwa mbwa aliyemkanyaga, alishika gitaa na kuwa mtu mwingine.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Beseni la muhogo lilipomwagwa, injini ilielemewa. Taa iligeuka nyekundu, umeme ukapungua, na ampli, badala ya kunyamaza, ilikaza koo na kunguruma. Muhogo ulipokuwa unaelekea kwisha, injini ilipata pumzi, taa ikang'aa, gitaa likarudi kuwa safi. Mjomba alijifunza kucheza na hilo. Alimtazama mama aliyesimama na beseni, akasubiri, na ule mkono ulipoinama, yeye alishuka kwenye nyuzi nene. Nimesikia wapiga gitaa wengi tangu hapo. Sijamwona mwingine aliyepiga akiangalia mabeseni.

Jina lao lilikua haraka. Wachimba dhahabu wa Bambu waliwaita, wavuvi wa Tchomia wakawaita, wakata mbao wa Mambasa wakawatumia lori. Popote walipofika, kabla ya kuuliza watalala wapi, waliuliza mashini ya kusaga iko upande gani. Huko Bambu wachimbaji walibeba wenyewe magunia ya muhogo, wakayamwaga kwa zamu, wakicheza wakiwa weupe kwa vumbi la bunga kuanzia nywele hadi viatu. Kaseti iliyorekodiwa mtaani kwetu ilisafiri mbali kuliko wao. Madereva waliipiga kwenye barabara yote ya Kisangani. Vijana waliozoea rumba walianza kukaza nyuzi na kupiga kelele. Karibu kila kikundi cha roki cha Ituri, ukikiuliza kilianzia wapi, kitakutajia kaseti hiyo.

Lakini nyumbani palikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwahi kusimama kwenye mashini siku ya Jumamosi. Koko alisaga katikati ya wiki, au alivuka mtaa na kwenda kwenye mashini ya mbali, beseni kichwani, bila kueleza. Mjomba hakulalamika. Aliniambia tu siku moja, tukigeuza muhogo pamoja, kwamba watu wa Mambasa wanamjua kuliko mama yake anavyomjua. Alitaka mama aje amsikie mara moja. Asipopenda, basi, lakini aje.

Kisha wakaalikwa Kisangani, kwenye ukumbi wenye umeme wa kweli, unaotoka kwenye maporomoko ya maji. Hapo walifanya kosa ambalo watu wengine wasingeweza kulifanya: waliamini kwamba umeme mzuri utawafanya wawe wakubwa zaidi. Gitaa lilitoka safi kama kinanda cha misa. Watu walikaa, wakapiga makofi ya adabu, wakaondoka mmoja mmoja. Waliporudi mtaani, majirani walimuuliza mjomba kilichotokea.

"Courant ilikuwa muzuri sana," alisema. "Ndiyo ilituua."

Habari ilienea, na baada yake ukaja uvumi kwamba bunga inayosagwa na kelele zile inaumiza tumbo la watoto. Wamama wa kanisa walijadiliana, na Koko, kama kiongozi, ndiye aliyesimama kanisani mbele ya wote kutangaza kwamba Jumamosi hakuna atakayepeleka muhogo pale. Mjomba alikuwa amekaa benchi la nyuma. Alisikia kama wengine.

Bana Moteur walikuwa wameshatangaza Jumamosi ya kurudi kupiga kwenye mashini, na watu walifika kutoka Bambu na Tchomia kuona kama kweli wamekwisha. Mwenye mashini, akiwahurumia, alivunja sharti lake na kuwasha injini bila muhogo. Injini ilizunguka nyepesi, taa ikawaka nyeupe, na gitaa likatoka vilevile kama Kisangani. Mimi na Koko tulikuwa uani, kwenye bashi, na tulisikia kila kitu: wimbo wa kwanza, wa pili, kisha miluzi. Mchimbaji mmoja wa dhahabu alimpigia mjomba kelele kwa sauti ya kukata mabati: "Weye kijana, siye tulifika kusikiliza roki. Hii ni kantiki ya kanisa."

Watu walicheka. Koko aliacha kumenya muhogo. Aligeuza shingo upande wa mashini, kisu mkononi.

"Ile si sauti yake," alisema.

Ndipo nikaelewa kwamba Jumamosi zote zile, hata akiwa njiani kwenda kwenye mashini ya mbali, alikuwa akisikiliza. Alianza kukusanya muhogo mkavu kwa mikono yote miwili, akajaza beseni lake, akajaza langu, akafunga kitambaa chake cha kanisa kichwani. Njiani tulipita nyumba za wamama wengine. Walisimama milangoni wakimwangalia yule aliyewakataza akielekea kule kule alikowakataza. Hakuwasalimia, wala hakukwepa macho yao.

Kwenye mashini watu walimpisha. Mwenye mashini alishikwa na aibu kwa niaba ya wote. "Mama, leo iko muziki," alimwambia polepole.

"Sikuuliza muziki. Mashini iko inazunguka ao haizunguke?"

Alimwaga beseni lake. Injini ikashika mzigo, taa ikawa nyekundu, na mjomba, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa na hakumwona anaingia, alisikia gitaa likibadilika chini ya vidole vyake. Aliinua macho kutafuta ni nani. Sitaeleza alichopiga baada ya hapo, kwa sababu sijapata maneno yake. Nakumbuka yule mchimbaji alivua kofia. Nakumbuka Koko ameshika mdomo wa gunia, uso mweupe kwa bunga, akimtazama mtoto wake bila kutabasamu. Beseni langu likafuata, na lilipokaribia kwisha niligeuka nikaona wamama wa kanisa wamepanga mstari nyuma yetu, kila mmoja na muhogo wake kichwani.

Bana Moteur walipiga kwa miaka kadhaa zaidi. Kisha vita ilifika. Mabati ya mashini yalibebwa, injini ikabebwa, mwimbaji akakimbilia Uganda, na muuza nyama hatujui aliishia wapi. Mjomba yuko Mambasa, anauza mbao, na masikio yake hayasikii vizuri. Nyumba nyingi za mtaa wetu zina watu wengine sasa. Vijana wa leo wana betri na umeme wa jua. Wanaweza kufunga mlango na kupiga wenyewe, na wanapiga vizuri. Hawamhitaji jirani. Sijui kama niwaonee wivu au niwaonee huruma.

Koko hakuwahi kusema kwamba aliupenda muziki ule. Zamani alisaga muhogo wa wiki nyingi kwa mara moja, apumzike. Baada ya siku ile alianza kupeleka beseni dogo, la kula siku chache tu, na kila Jumamosi bunga ilikuwa imekwisha, ikabidi arudi kwenye mashini.