Kitambaa Cheupe cha Athanas

Athanas wa Mgeta hakuwa mtu wa kunywa maji njiani. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na malori ya wanunuzi binafsi yalipoanza kugombea kabichi za mlimani, aliyefika barabarani kwanza ndiye aliyepakia, aliyechelewa zilimwozea. Basi wachukuzi wakajiwekea mwiko: tenga likishakaa kichwani, hakuna kunywa. Anywaye atalitua akojoe, na akitua amepitwa. Athanas aliushika mwiko huo kuliko amri za Kanisa. Mkojo wake ulipokuwa kama chai ya rangi, alijisifu kwamba ndio mkojo wa mchapakazi.

Asubuhi moja maumivu yalimkamata ubavuni, yakateremka hadi kinenani. Alilitupa tenga, akagaagaa majanini.

"Mwiteni mkunga," alisema Maneno, mchukuzi mwenzake, bila kusimama. "Athanas anajifungua."

Wakacheka, wakateremka.

Tabibu wa zahanati, mzee Ernest, hakumficha kitu. Kijiwe kilikuwa kimetoka kwenye figo, kinatafuta njia. Maumivu yangekuja, yapoe, yarudi; angetapika, angekojoa damu. Anywe maji kutwa nzima, na kila mkojo auchuje kwa kitambaa cheupe. Homa ikipanda au mkojo ukikata, ateremke hospitali mjini Morogoro siku hiyo hiyo.

"Na maumivu yakiisha, mzee?"

"Usiyaamini maumivu, amini kitambaa. Usipokiona kijiwe, hata kama huumwi, nenda mjini ukapigwe picha."

Mkewe, Yustina, alikata pindo la gauni la komunyo la binti yao, Witness. Siku nane Athanas alikunywa, akaugulia, akachuja. Siku ya tisa maumivu yakaisha. Kitambaa kilikuwa kitupu.

"Hatujakiona, baba Witness," Yustina alisema. "Twende mjini."

"Kimeyeyuka. Kabichi zinapasuka shambani, na lori linakuja kesho."

"Tabibu alisema—"

"Tabibu habebi tenga."

Kesho yake alibeba, koo kavu, na wenzake wakamsifu. Anayesifiwa kwa ujinga wake hana atakayemwokoa.

Mvua za masika zilipokwisha, miguu ilikuwa imemvimba. Daktari mjini alimwonyesha picha. Kijiwe kilikuwa kimeziba njia, na figo ya kushoto, aliyodhani imepona kwa kuwa imenyamaza, ilikuwa imekufa. Ya kulia nayo ilikuwa na vijiwe vyake, imechoka. Akauliza kama akianza sasa kunywa maji itafaa kitu. Daktari aliirudisha picha kwenye bahasha, akamwambia arudi nyumbani.

Siku hizi anakaa kizingitini, kando ya njia ya wachukuzi. Yustina bado anafua kile kitambaa na kukianika, ingawa mkojo unaotoka ni matone tu. Alfajiri hutenga ndoo ya maji na kikombe njiani. Wachukuzi wakipita, Athanas huwaambia wanywe.

"Shikamoo, baba Witness," hujibu vijana, shingo zimekakamaa chini ya matenga. Maneno hupita, hatanii tena. Chini, lori linapiga honi. Jioni Yustina huiingiza ndoo ndani, imejaa vilevile.